Aliondoka kwa Sababu

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na kabla hujanihurumia nikwambie kwamba kazi hii naipenda. Kwetu ni Machakos, Kenya. Nilikuja Jinja kwa mkataba wa mwaka mmoja, mji ukanipendeza, nikabaki. Sasa watoto niliowafundisha wananiletea watoto wao, na wengine wakikutana nami sokoni hunisalimia kwa Kiingereza cha kutembea juu ya mayai, wakiogopa nitawasahihisha mbele ya muuza nyanya. Hawakosei, kwa maana huwa nawasahihisha kweli.

Kinachonitesa darasani si vitenzi. Vitenzi vya wakati uliopita watoto wanavimeza na kuviimba. Shida ni kuviunganisha. Kiswahili kimetudekeza sana jambo hili: niliamka, nikanawa, nikanywa chai, nikaenda. Ile "ka" ndogo inabeba mizigo yote bila kulalamika, na hakuna anayeiuliza kama ina maana ya "halafu", au "lakini", au "ndiyo maana". Kisoga na Kiganda navyo vina njia yao ya kukokota kitenzi kimoja nyuma ya kingine. Kiingereza hakina huruma hiyo. Vitendo viwili vikikutana, kinataka mtu asimame katikati na kueleza undugu wao: "and", "but", "so", "when", "because". Watoto wangu wakiona hivyo huchagua "and then", wakaitumia mpaka ikachakaa. Niliwahi kuandikiwa insha ya safari ya Masese, kule ziwani kunakoshushwa samaki: tulienda Masese "and then" tukaona samaki "and then" mjomba akaanguka majini "and then" tukarudi nyumbani. Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Na mjomba je?"

Kuna jambo lingine ambalo mgeni wa Uganda hukutana nalo siku ya kwanza. Huku msemaji hamalizi sentensi peke yake. Mhubiri, mwalimu, mheshimiwa kwenye mazishi, wote husimama katikati ya maneno na kungoja. "Akaenda wapi?" Watu wanaitika, "Sokoni!" "Akanunua nini?" "Chumvi!" Ukikaa kimya katikati ya sentensi, umewaalika wote waingie. Mimi sikulijua hilo. Wiki yangu ya kwanza niliandika ubaoni kwamba mvulana alilia "because", kisha nikageuka kutafuta kifutio. Nyuma yangu darasa likalipuka. Kwa sababu alikuwa na njaa! Kwa sababu alipigwa! Kwa sababu mwalimu wake anatoka Kenya! Nilikasirika, maana mimi hukasirika upesi, nikawaambia wanyamaze. Usiku nilipofikiri nikacheka peke yangu, na kuanzia kesho yake ndivyo ninavyofundisha. Nasema tendo, nataja kiunganishi, nanyamaza, nao wanajaza.

Basi ungedhani mtu wa namna hii hawezi kunaswa na mchezo wake mwenyewe.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Mama yetu alifariki nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, naye hajaanza hata kung'oka meno ya utoto. Baba alikwisha kutangulia. Nikamlea. Nilimfulia, nikamsomesha, nikamgombeza kwa kadiri ya uwezo wangu, akakua akawa dereva wa lori la saruji katika barabara hii ya kutoka Kenya. Akishusha mzigo Jinja hulala kwangu, anakula sufuria nzima, anaondoka. Ni mtu mkimya. Ukimwuliza habari za njiani atakwambia, "Nilienda, nikarudi."

Siku moja akaniambia kwamba amempata msichana. Alikuwa akiuza vitenge katika soko la Nakaloke, kaskazini mwa Mbale, na mdogo wangu alikuwa amekwisha kununua vitenge vingi kuliko mahitaji ya dereva yeyote. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia, naye akasimama tu kama mlingoti, mikono chini. Mila ya huko inataka kijana aanze kwa shangazi wa msichana, dada ya baba yake, ambaye wanamwita senga. Shangazi ndiye anayempima mgeni kwanza. Akikubali, mambo yanapelekwa kwa wazazi. Akikataa, umepoteza nauli.

Sikutaka mdogo wangu aende mikono mitupu. Asubuhi mapema nilikwenda Masese mwenyewe, nikachagua samaki wanono aina ya ngege, nikabishana na muuzaji mpaka akaniita bibi wa Kikenya, nikawapanga kwenye ndoo yenye barafu. Lori tukaliacha Jinja. Akapanda teksi hadi Mbale, kisha bodaboda hadi Nakaloke, ndoo mapajani, shati limenyooshwa na mimi.

Jua halijazama alikuwa amerudi. Uso umefungwa.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Nilienda, nikaondoka."

"Walikupa chakula?"

"Walinipa."

"Ukala?"

"Niliondoka tu, dada."

Habari kamili niliipata kwa simu kutoka kwa msichana, ambaye alikuwa akilia. Shangazi alimkaribisha vizuri. Alimpikia wale samaki wake mwenyewe. Kijana akaanza kula, ghafla akainuka, akatoka nje, hakurudi wala hakuaga. Kukiacha chakula cha watu mezani ni kuwaambia neno baya sana, kwao na kwetu pia, na shangazi tangu saa hiyo hakusema lolote. Hilo ndilo lililomtisha msichana. Shangazi huyo, aliniambia, akigomba anapoa, lakini akinyamaza jihadhari.

Kesho yake nilimhoji mdogo wangu siku nzima. Ulimsalimia mama mkwe kwa mkono? Maana huko mkwe na mama mkwe hawagusani, hata njiani hupishana. Hapana. Uliona mdudu kwenye mchuzi? Hapana. Uliambiwa neno la kukuudhi? Hapana. Mimi ninayewanyima watoto wa watu alama kwa kukosa "because" moja, ndugu yangu wa damu alinipa kitenzi kitupu na kukaa nacho mezani, akinitazama. Nilikasirika nikampigia kelele. Akaenda kulala kwenye lori.

Hata hivyo walipendana, na wapendanao wana masikio ya chuma. Msichana alimwombea msamaha nyumbani, akaomba tena, mpaka baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, akakubali tupange siku ya kujitambulisha, ile ambayo Uganda nzima wanaiita kwanjula. Lakini shangazi akatoa sharti. Siku hiyo, mbele ya watu wote, upande wa kijana utaeleza kwa nini aliacha chakula. Sababu ikimtosha, mahari itapokelewa. Isipomtosha, mbuzi, sukari na kreti za soda zitarudi Kenya katika lori lile lile.

Baba yetu mdogo alikuja kutoka Machakos kuwa msemaji wetu. Ni mtu wa maneno mengi na kipara kinachong'aa, na hajawahi kushindwa na kesi ya kijijini. Alimwita mdogo wangu, akamwuliza sababu. "Semeni mnachotaka," akajibiwa. Baba mdogo akafurahi, kwa kuwa hiyo ndiyo ruhusa aliyokuwa akiingoja.

"Pancha," akasema. "Alipigiwa simu kwamba lori limepata pancha. Pancha haina mwenyewe, mwanangu. Haimtukani mtu."

Sikuipenda, lakini sikuwa na nyingine. Kazi yangu ingekuwa kutafsiri, kwa sababu upande wa pili walikwisha kutuambia kwamba tutumie Kimasaba, lugha yao, au Kiingereza, Kiswahili hapana. Sikuwalaumu. Wazee wa huko Kiswahili walikisikia kwanza vizuizini, enzi za wanajeshi, na yaliyofuata baada ya salamu hayakuwa mazuri. Baba mdogo naye Kiingereza chake ni "good morning", ambayo huitoa hata jioni.

Siku ikafika. Tulisimamishwa langoni tukachekwa, tukaambiwa hatujulikani, tukaambiwa tumepotea njia ya kwenda Soroti, tukaombwa nyimbo. Hiyo ndiyo raha yenyewe ya kwanjula, na baba mdogo aliicheza vizuri. Mwishowe tukaketishwa chini ya hema, wao wakatuelekea chini ya hema lao, spika mbili kubwa katikati. Mbele kabisa alikaa shangazi, mama mfupi katika gauni la gomesi la kijani lililosimama mabegani, mikono kwenye mapaja. Kila mtu alikuwa akicheka isipokuwa yeye.

Msemaji wao, kijana mcheshi mwenye kanzu na koti, akapokea maiki. "Shangazi yetu ana swali," akasema kwa Kiingereza, "nanyi mnalijua." Nikamwona mdogo wangu akiangalia viatu vyake. Msichana hatukumwona, maana alikuwa bado amefichwa ndani ya nyumba kama mila inavyotaka, lakini niliona pazia la dirisha likitikisika.

Baba mdogo akasimama, nami nikasimama kando yake na maiki ya pili. Ana tabia moja inayomchosha mtafsiri: anakata maneno popote, anapojisikia, anakupa nafasi, anakutazama.

"Kijana wetu alikuja hapa," akasema. Nikatafsiri.

"Akakaribishwa, akaketi." Nikatafsiri, nikaweka "and" zangu mahali pake.

"Akaletewa chakula kizuri." Nikatafsiri.

"Akainuka, akaondoka, kwa sababu," akasema, kisha akatoa leso mfukoni na kuanza kupangusa kipara.

Nami, kwa mazoea ya miaka yote ya ubaoni, nikasema kwenye maiki kwa sauti ya darasani kwamba kijana aliinuka akaondoka "because", nikanyamaza.

Hema zima likajaza.

Kwa sababu aliona haya! Kwa sababu alimwogopa senga! Kwa sababu ni Mkenya, na hapakuwa na ugali! Hiyo ya ugali ilitoka kwa mama mmoja nyuma, na watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakashika miti ya hema. Mzee mmoja akapendekeza pilipili. Msemaji wao akapandisha mikono kama anayeongoza kwaya, na kila alipoipandisha ikaja sababu mpya. Hata upande wetu walicheka, waliojua na wasiojua.

Baba mdogo akanivuta sikio karibu. "Wanasema nini? Nimekwisha kuitaja pancha?"

"Bado, baba mdogo."

"Basi ngoja niitaje." Akakohoa, akafungua kinywa.

Shangazi alikuwa amesimama. Aliinua mkono mmoja tu, na kicheko kikakatika hema zima. Hakuomba maiki. Alimtazama baba mdogo, akasema, kwa Kiswahili:

"Mzee, wewe nyamaza kidogo."

Niliona vichwa vikigeuka. Kaka yake, yule mwalimu mkuu, alivua miwani.

"Nyinyi nafikiri hapa hapana mtu najua Kiswahili," akaendelea, akitutazama sote. "Mimi najua. Mimi nafundishwa na askari kwa barabara. Afande nasema, lala chini, mimi nalala. Afande nasema, leta kuku, mimi naleta. Tangu ile siku mimi hapana taka kuongea yeye. Leo nataka."

Hakuna aliyetafsiri. Nilisahau kwamba hiyo ilikuwa kazi yangu.

"Huyu kijana nakuja na samaki ya Masese. Mzuri sana. Mimi napika. Yeye nakula porepore, naogopa miiba. Mimi naona. Basi mimi natoa miiba na mkono yangu, naweka nyama kwa sahani yake, nasema, kula, mwanangu. Yeye naangalia ile nyama. Nainuka, natoka. Mimi nafuata. Naona yeye nyuma ya jiko, nasimama kwa ukuta, nalia. Nasema, mama. Nasema tena, mama. Mimi narudi ndani, nanyamaza. Mwanaume nalia mama yake, mimi nasumbua yeye kwa nini?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa bado anaangalia viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yameshuka, na niliona kwamba ni kweli.

Mama alikuwa akimpakata wakati wa kula samaki. Alichambua mwiba mmoja mmoja, akaonja ile nyama kwanza kwa ulimi wake kuhakikisha hakuna kilichobaki, ndipo akamlisha. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipofariki, mimi nilimfundisha mtoto kutoa miiba mwenyewe, akajifunza upesi, nikamsifu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtolea mwiba mpaka alipofika Nakaloke.

"Mama," baba mdogo alimwambia shangazi kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, "kama uliona, kwa nini ulitaka tuseme?"

"Mimi hapana uliza sababu sijui," akajibu. "Mimi nauliza nijue kama watu yake najua. Mimi natoa mtoto yangu kwa nyumba. Hiyo nyumba, mtu nalia, nani naona?"

Hapo mimi nilianza kulia. Nililia kwa aibu na kwa furaha vyote pamoja, sikujua kipi kinatangulia, na nilikuwa bado nimeshika maiki mdomoni. Nakaloke nzima ilinisikia. Msemaji wao, maskini, mazoea yakamponyoka, akasema kwenye maiki yake kwamba na dada wa kijana analia "because", akanyamaza kungoja.

Hakuna aliyejaza. Hiyo ndiyo mara pekee nimeona watu wa Uganda wakiacha sentensi wazi. Wote walinitazama mimi, na shangazi pia alinitazama, nikaelewa kwamba jibu la sharti lake ndilo hilo linalongojwa na kwamba pancha haitafaa. Nikamwambia kwa Kiswahili, bila kutafsiri.

"Hatukujua, shangazi. Mimi nimemlea na sikujua. Leo umenijulisha."

Baba mdogo alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili. Pazia la dirisha lilikuwa limesimama kimya.

"Sasa najua," akasema shangazi. Akageuka akawaambia watu wake neno la Kimasaba, na vigelegele vikapasuka kabla hajaketi. Ndani ya nyumba nako kikasikika kimoja, chembamba, kisichongoja ruhusa, na mdogo wangu akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Mbuzi wakaingizwa, sukari ikaingizwa, kreti za soda zikabebwa na vijana wetu wakicheza. Msichana akaletwa na wenzake wamevaa sare, akaambiwa amtafute mtu wake, akapita wanaume wote akiwakataa mmoja mmoja kwa dharau ya kujifanya, akafika kwa mdogo wangu, akamvisha shada la maua. Mdogo wangu alicheka meno yote nje. Sikuwa nimeyaona meno hayo tangu aanze kazi ya lori.

"Na pancha?" baba mdogo akaninong'oneza.

"Iache ikae hivyo hivyo, baba mdogo."

Lakini yeye si mtu wa kuacha. Wakati wa kula alikwenda kumwungamia shangazi, akamweleza mpango wetu wote, lori, simu na tairi. Shangazi alicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza, akajishika ubavu. "Pancha! Huyu nakuja na bodaboda! Mimi mwenyewe namlipia." Baba mdogo akarudi kwenye kiti chake amenyamaza, nadhani kwa mara ya kwanza maishani.

Chakula kilikuwa kingi: matoke, wali, kuku, malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyopikwa kwa karanga. Na samaki, maana nilikuwa nimekwenda Masese tena asubuhi ya jana yake. Shangazi akabeba sahani yake, akaja akaketi mbele ya mdogo wangu, akachambua miiba polepole, akaiweka nyama kwenye sahani ya kijana mbele ya watu wote. Mdogo wangu aliitazama. Nikashika meza. Kisha akala, akamaliza, akasogeza sahani aongezwe.

Nilikuwa nikipangusa macho shangazi aliponigeukia. Akavuta sahani yangu. Nikamwambia kwamba mimi ni mtu mzima, mimi nimezoea, miiba naiweza.

"Wewe pia ilikuwa mtoto," akasema, akaendelea kuchambua.

Nikapokea, nikala, nikalia, nikala.